Shujaa ni Nani Bando Likiisha?

Neno "shujaa" siku hizi limekuwa jepesi sana. Dereva wa bodaboda aliyerudisha pochi ya abiria ni shujaa. Msanii aliyemjibu mwenzake kwa mafumbo ni shujaa. Mwanasiasa aliyegawa mitungi ya gesi ni shujaa, na chawa wake wako tayari kulirudia neno hilo chini ya kila picha mpaka komenti zijae. Kesho yake asubuhi tumeshahamia kwa mwingine, na wa jana hatumkumbuki hata jina.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, nakaa jirani na Kariakoo, na kama wanafunzi wengi simu ndiyo kitu cha kwanza ninachoshika nikiamka. Kwa hiyo siandiki haya nikiwa nimekaa pembeni nawacheka walio mtandaoni. Nimo humohumo. Ila muhula huu nimesoma upya kazi tatu za Kiswahili ambazo kila moja ina mtu wake mkubwa: Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Nimezisoma huku simu ikilia pembeni, na taratibu nikaanza kuona kwamba vitabu na simu vinabishana juu ya jambo moja. Ubishi huo ndio nataka kuuleta hapa.

Kwanza tuondoe hoja nyepesi. Wazee wetu wengi husema zamani mashujaa walikuwa wa kweli, siku hizi ni kiki tu. Watakukumbusha na methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali tamu, lakini haisemi ukweli wote. Katika fasihi yetu chema nacho kimetembezwa sana. Hakuna shujaa hata mmoja aliyetufikia bila watu kumbeba mdomoni.

Mtazame Liyongo. Nguvu zake, kimo chake, upinde wake, yote hayo tunayajua kwa sababu watu wa pwani ya kaskazini waliyaimba na kuyasimulia kizazi hadi kizazi, kabla Kijumwa hajayapanga katika beti mwaka 1913. Na ndani ya kisa chenyewe, kinachomtoa gerezani si misuli. Ni ujumbe. Akiwa kifungoni anampa kijakazi Saada maneno ya kumpelekea mama yake. Walinzi wanasikia wimbo tu. Mama anasikia maagizo. Anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Walinzi wanakula mizuri, huo mbaya wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba achezewe gungu kabla ya kuuawa, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikila pingu. Yaani shujaa mkubwa kuliko wote wa pwani anaokolewa na watu wanaojua kupitisha habari, na wawili kati yao ni wanawake, mmoja wao mtumwa.

Kisa hichohicho kinaujua pia upande wa pili wa habari. Mtoto wa Liyongo anaahidiwa cheo na kuozwa binti wa Sultani ili amchunguze baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Akishaijua siri anaiuza, na anaitekeleza kwa mkono wake mwenyewe: sindano ya shaba kitovuni, baba akiwa usingizini. Kijana anayemsogelea mkubwa ili apate nafasi, tunamjua sana. Tofauti ni kwamba huyu aliyemuuza ni baba yake.

Lakini sehemu inayonishika zaidi ni kifo. Liyongo anakwenda kufia kisimani, amepiga goti, upinde ameuvuta, mshale uko tayari. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hakuna anayethubutu kusogea. Siku zinapita, maji hawachoti. Mama yake analetwa ambembeleze. Kumbe mtu ameshakufa zamani. Wengi husoma hapo sifa tu, kwamba hata maiti yake iliogopwa. Mimi naona utendi unafanya jambo kubwa zaidi: unatuonyesha mji ule uliomjua kwa nyimbo sasa una kiu kwa sababu yake. Kijumwa hakutuficha. Katupa shujaa, na pamoja naye katupa swali: mji unahitaji mtu wa namna hii, au unahitaji maji? Unamaliza kusoma unampenda Liyongo na swali bado liko palepale. Kimoja hakikuua kingine.

Siti binti Saad ni habari nyingine. Alizaliwa Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya bara, akapewa jina la Mtumwa, na kazi aliyoikuta nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Alipofika mjini sauti yake ndiyo iliyombadilishia jina. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikamfikisha kwenye masikio ya watu ambao miguu yake isingewafikia. Ukitaka kuona mtandao kabla ya intaneti, ndio huo: sahani nyeusi inayozunguka kwenye gramafoni, watu wamejaa barazani, na mwanamke ambaye jamii ilimweka chini kabisa ndiye anayesikilizwa. Wapinzani nao hawakukosekana. Alitungiwa wimbo wa kumkebehi kwa ushamba wake na kaniki yake, naye akajibu kwa wimbo. Tunaofuatilia vita vya Instagram tunaitambua biashara hiyo mara moja, ingawa sidhani kama tunaijibu kwa ufundi ule.

Hapa lakini nina mgogoro kidogo na Shaaban Robert, na najua kumgusa Shaaban ni kujitafutia maneno. Wasifu wake ni kazi ya heshima. Kumwandikia kitabu mwanamke mwimbaji, tena wa asili ile, katika miaka ya 1950, lilikuwa tendo la ujasiri. Tatizo ni kwamba kampenda Siti kiasi kwamba karibu kila tukio linageuka funzo. Akipata, ni funzo. Akikosa, ni funzo. Akitukanwa, ni funzo la subira. Ninapomaliza najua Siti alikuwa mwema, lakini sijui alikasirika vipi. Nikilinganisha na ukurasa wa mtu maarufu wa leo, ule unaoendeshwa na wasaidizi wake, picha zote zimechujwa, naona undugu usionifurahisha. Mtu halisi aliyeitwa Mtumwa na akawa Siti ni mkubwa kuliko maadili anayovishwa. Angevumilia maswali. Mwandishi ndiye aliyeogopa kumuuliza.

Nikishafika hapo nauliza: na sisi je? Tukiwa tunatengeneza shujaa wetu wenyewe, kwa vidole vyetu, huwa tunafanyaje? Mfano ninaoukumbuka vizuri zaidi ni wa Bukoba.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, wakapona 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati yao alikuwepo kijana mmoja, Majaliwa Jackson, aliyeeleza kwamba alitumia kasia kwenye mlango wa ndege ili watu watoke, kisha akajaribu kuwafikia marubani, akaumia na kuja kuzindukia hospitali. Taifa zima likaangukia jina lake. Alipewa shilingi milioni 1, na likatoka agizo kwamba aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku mbili hivi kila stetasi ilikuwa na sura yake. Tukaandika mashairi, tukachora katuni, tukalia naye.

Baadaye yakaja maelezo mengine: kwamba mlango ulifunguliwa kwa ndani, na mhudumu wa ndege. Hapo mtandao ukageuka. Kijana yuleyule aliyekuwa malaika Jumatatu, kwa wengine akawa tapeli kabla wiki haijaisha. Wapo waliomtetea kwa matusi na wapo waliomshambulia kwa vichekesho. Sijaona sana waliouliza jambo la katikati, ambalo kwangu ndilo lenye uzito: ndege imezama, maji ni ya baridi, hakuna aliyemwamuru mtu, na bado wavuvi walipiga makasia kuielekea. Mlango ungefunguliwa na nani, hilo halifutiki. Vilevile mhudumu aliyekuwa ndani, kama alifungua mlango huku maji yakiingia, naye ana ukubwa wake ambao hauhitaji kumnyang'anya mvuvi. Na wavuvi wengine waliokuwa ziwani asubuhi ile? Majina yao hatukuyashika. Kioo cha simu kinatosha sura moja tu.

Nisomapo tukio lile kama ninavyosoma hadithi, naona kosa si la Majaliwa. Kosa ni la kisa tulichomwandikia. Tulikiandika kwa namna ambayo kisingeweza kubeba swali hata moja. Kilimhitaji awe amefanya yote, peke yake, kwa mkono mmoja. Swali la kwanza lilipokuja, kisa kikavunjika, na vipande vikamwangukia yeye. Sisi tuliokiandika tukasogeza kidole juu, tukaendelea na habari nyingine.

Ndiyo maana nasema Kinjeketile inapaswa kusomwa upya na kizazi cha bando. Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969, na katika utangulizi anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia, Kinjikitile wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Wa historia habari zake zilienea kwa mnong'ono, kijiji hadi kijiji, mnong'ono walioupa jina njwiywila. Huo nao ulikuwa mtandao, tena wa hatari, maana gharama ya kushea ilikuwa kitanzi.

Katika tamthilia, Kinjeketile anavutwa mtoni na pepo Hongo, anatoka na ujumbe: maji yatawalinda watu na risasi, na makabila yaungane. Watu wanaamini. Kumbe ndani ya ujumbe huohuo kuna jambo linalomsumbua mwenyewe: kwamba baada ya kumfukuza Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anajiuliza, tumtoe bwana mmoja ili tumpate mwingine? Anashtuka kwamba huenda kadanganywa. Anataka watu wasubiri. Lakini neno limeshatoka, halimsikii tena. Vita vinaanza bila ruhusa yake, na watu wanakufa na maji yao mwilini.

Yeyote aliyewahi kuposti kitu kikamtoroka anaielewa hofu hiyo. Umeandika usiku, asubuhi kimeshapita kwenye magrupu hamsini ya WhatsApp, kina maana ambayo hukuikusudia, na ukifuta hakifutiki. Ila Hussein haishii kwenye hofu. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Mjerumani, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema, labda atapona. Anakataa. Anakataa wakati yeye mwenyewe ana shaka na maji! Kitunda, mwenzake, anambishia, na hoja za Kitunda si za kipumbavu hata kidogo: watu wamekufa, kwa nini usiseme kweli? Kinjeketile anaona kwamba kinywa chake kikikana maji kwa amri ya mkoloni, kitakuwa kimekana pia haki ya watu kupigana, na mkoloni atawahesabia watoto wao ushindi huo.

Nimewahi kubishana na wenzangu darasani kuhusu mwisho huo. Wapo wanaosema Kinjeketile ni mwoga wa kukiri. Wapo wanaosema ni shujaa kamili. Mimi nadhani ukubwa wa tamthilia uko hapo pasipokuwa na jibu: amekosea, anajua kuna uwezekano amekosea, na bado tendo lake la mwisho lina thamani. Hussein hakumsafisha, hakumchafua. Alimwacha asimame mbele ya swali gumu kuliko yote, swali la wafu, na mtu yule akasimama.

Basi hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Tofauti ya shujaa wa fasihi na shujaa wa mtandao haiko kwenye ukweli na uongo, kwa sababu wote wawili wametengenezwa na wasimulizi. Haiko hata kwenye kasi. Iko kwenye swali. Shujaa ni yule ambaye kisa chake kinaweza kuulizwa swali gumu na kikabaki kimesimama. Liyongo anavumilia swali la kisima. Kinjeketile anavumilia swali la maji. Yule wa mtandaoni tunamnyima swali, halafu swali likija kwa mlango wa nyuma tunamwacha peke yake.

Naandika haya mjini ambako jambo hili limeandikwa hata kwenye ardhi. Ukitoka Posta ukafika pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, utakuta Sanamu la Askari, la mwaka 1927, bunduki mkononi, limeelekea bandarini. Kabla ya Waingereza kuingia mwaka 1916, Wajerumani walikuwa na sanamu lao hapa mjini, la Wissmann, mtu aliyezima vita vya Abushiri. Huyo aliondolewa. Kila mtawala na shujaa wake. Maandishi yaliyo chini ya askari yanawataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya vita, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi kwa maradhi na uchovu, hawakupata sura. Walichopata ni jina la mahali. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo.

Kwa hiyo kila mara kondakta anapopaza sauti "Kariakoo! Kariakoo!" anawataja watu waliobeba. Hajui, nasi abiria hatujui, lakini jina limevumilia zaidi ya miaka mia moja bila picha. Na kazi haijabadilika: makuli bado wanapita na marobota kichwani, mikokoteni na maguta bado yanasukumana kati ya fremu za maduka.

Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka hapahapa Kariakoo. Walikufa watu zaidi ya 20, na wengi walijeruhiwa. Klipu zilikuwa nyingi mno, nami niliziangalia kama wengine. Katika nyingi utaona kitu kilekile: vumbi, nondo, na watu wa kawaida wa sokoni wakiondoa zege kwa mikono na nyundo, wakisikiliza sauti za walio chini, wakisaidiana na waokoaji wa serikali. Mtu anaingia kwenye tundu ambalo jengo linaweza kulifunga dakika yoyote. Anatoka, anakunywa maji, anarudi. Sura imejaa vumbi, humtambui. Hana akaunti iliyotajwa, hana kiki. Baada ya wiki moja mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine, na wao, nadhani, walirudi kwenye mizigo.

Hapo ndipo fasihi ina deni, na ni deni letu sisi tunaojiita wasomaji na waandishi. Simwombi mtu atunge shairi la sifa. Ya sifa tunayo mpaka yanamwagika. Nahitaji hadithi itakayomfuata mmoja wa watu wale hadi ndani ya tundu na imuulize maswali: aliogopa nini, alimwacha nani akamchagua nani, kwa nini sauti fulani hakuifikia, nani alimiliki lile jengo na nani alikuwa anachimba chini yake, na usiku ule alilala vipi. Hadithi ambayo haitamfanya malaika, ili siku mtu akija na maelezo mengine asigeuke tapeli. Liyongo alipata Kijumwa baada ya karne nyingi. Wapagazi bado wanasubiri wao. Wa Mtaa wa Mchikichi wasisubiri kiasi hicho, maana wapo hai, tunapishana nao kila siku, na wanaweza kutujibu.

Kama kuna anayejua kazi ya Kiswahili, iwe hadithi fupi, tamthilia au hata utenzi mfupi, iliyokwisha kujaribu kuliandika jengo lile kwa namna hiyo, anielekeze ilipo. Nitaitafuta, nitaisoma, na nitaiandikia hapahapa.